Mashine Ilisema Ndiyo



Zamu hii ya kuandika ni yetu, sisi wa kikundi cha kompyuta. Tuko 9. Wengine tumetoka Uvira na Fizi, wengine Bujumbura, na mmoja wetu alizaliwa hapa hapa wilayani Isingiro. Tumeandika tukiwa tumekaa meza moja, kila mtu akitupa sentensi yake, kwa hiyo mkiona Kiswahili cha huku kinagongana na cha kule, mtuvumilie.

Stori yenyewe ni ya hitilafu moja ndogo ndani ya Linux. Ndogo kweli, mistari miwili tu. Lakini ilitupotezea barua za watu 11, na watu 2 kati yao hawakupata tena muda wa kuziandika. Mwanzoni tuliona haya, tukataka kunyamaza. Halafu tukaona kwamba kunyamaza ndiko kulikotuumiza, basi na sisi tusinyamaze.

Tuna chumba kimoja chenye mabati juu na paneli ya sola. Ndani kuna laptopu 6 za zamani. Moja tumeifanya seva. Ina RAM ya GB 4 na diski iliyochoka, ukiiwasha unaisikia inakwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Zile 5 nyingine zinaunganishwa nayo kwa wifi ya ndani, bila intaneti. Watu wanakuja, wanafungua brauza, wanaandika barua zao, wanahifadhi kwenye seva.

Diski ikawa nzito mno. Watu wanne wakihifadhi kwa pamoja, wote wanangoja. Ndipo tukapata wazo: folda ya kazi tuitoe kwenye diski, tuiweke kwenye RAM. RAM ina haraka na haikwaruzi. Jioni saa 11, kabla ya kuzima, skripti inanakili kila kitu kwenda diskini. Tulijua umeme ukikatika ghafla kazi ya siku hiyo inapotea, lakini betri ya ile laptopu ilikuwa bado inashika saa mbili. Tukasema basi, inatosha.

Kwa wasiojua: kwenye Linux, diski au sehemu yoyote ya kuhifadhi haitumiki mpaka uiunganishe na folda fulani. Kitendo hicho watu wa kompyuta wanakiita kumaunti. Ukimaunti, unaweza kuongeza maneno ya masharti, kwa mfano "kusoma tu", au "usizidi kiasi fulani". Maneno hayo ndiyo opsheni. Yanaandikwa baada ya herufi -o, na yanatenganishwa kwa koma. Amri yetu ilikuwa hii, tuliinakili kutoka kwenye maelekezo ambayo mtu alimtumia mwenzetu kwa simu:

mount -t ramfs -o size=512m,mode=1777 kazi /kazi

Maana yake, kama tulivyoielewa sisi: tumia mfumo wa mafaili unaoitwa ramfs, ambao unaishi ndani ya RAM. Usichukue zaidi ya MB 512. Ruhusu kila mtu kuandika. Jina lake liwe kazi, na uonekane kwenye folda ya /kazi.

Tukabonyeza. Mashine haikulalamika. Kwenye Linux, amri isiyosema kitu maana yake imefanikiwa. Tukafurahi, na kwa wiki tatu kila kitu kilienda haraka. Watu walisema kikundi cha kompyuta sasa kimekuwa cha kisasa.

Halafu ikaja Jumatatu ile.

Ilikuwa wiki ya maombi ya udhamini wa masomo ya chuo. Mwisho wa kupeleka ulikuwa Jumatano. Tangu asubuhi chumba kilijaa, watu 11 waliandika barua za kujieleza: umetoka wapi, umesoma mpaka wapi, kwa nini unataka kusoma zaidi. Si barua za kuandika kwa dakika kumi. Mtu anaandika mstari, anasimama, anatoka nje, anarudi. Kuna mambo ukiyaandika mara moja hutaki kuyaandika tena.

Saa 8 mchana feni ya seva ikaanza kulia. Brauza zikaganda. Kwenye skrini ya seva tukaona ujumbe unashuka mmoja baada ya mwingine: kumbukumbu imekwisha, programu fulani imeuawa. Kumbukumbu imekwisha, programu nyingine imeuawa. Baada ya dakika chache hata kipanya hakikusogea. Tukangoja, tukangoja, mwisho tukashika kitufe cha kuzima mpaka mashine ikanyamaza.

Na RAM ikizimwa haikumbuki kitu. Kila barua iliyoandikwa tangu asubuhi ikaondoka.

Tulifanya nini? Tuseme ukweli, tulitafuta mtu wa kulaumu. Tukampata upesi. Kaka mmoja wa kikundi alikuwa ameweka video za masomo ya hesabu kwenye ile folda ya /kazi, ili watahiniwa wa wiki iliyofuata wazikute. Zilikuwa nyingi, karibu GB 3. Tukamgeukia wote.

"Kaka, si ulijua kuna kikomo pale?"

Akajibu kwa sauti ya chini: "Nilijua kuna kikomo. Ndiyo maana sikuogopa. Nilisema zikizidi, itanikatalia."

Tukamkasirikia zaidi. Lakini usiku ule, kila mmoja kwenye mkeka wake, lile jibu likatusumbua. Maana alikuwa na haki. Kikomo kikiwepo, video ya kwanza kuzidi MB 512 ilipaswa kukataliwa. Kwa nini haikukataliwa?

Kesho yake, Jumanne, wengine wetu tulikaa na watu kuandika barua upya, kwa kalamu na kwa laptopu zisizotegemea seva. Wawili wetu tukabaki na seva. Hatukugusa chochote cha thamani. Tukamaunti ramfs upya kwa amri ile ile, kisha tukaiambia mashine iandike sifuri tupu mpaka zifike MB 1024:

dd if=/dev/zero of=/kazi/jaribio bs=1M count=1024

Ikaandika zote. Mara mbili ya kikomo, na haikusema neno.

Pale pale tulitoka nje kumtafuta kaka yetu. Alikuwa anachota maji. Tukamwambia, "Kaka, tusamehe, si wewe." Akaweka dumu chini, akasema, "Basi ni nani?" Hilo swali ndilo lililotushika wiki mbili zilizofuata.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kuacha kutazama amri tuliyoandika sisi, tukatazame kile mashine ilichoandika yenyewe. Linux ina faili linaloitwa /proc/mounts. Humo kerneli, yaani moyo wa Linux, inaorodhesha kila kilichomauntiwa na masharti yake, kwa maneno yake yenyewe. Tukalifungua, tukatafuta mstari wetu:

none /kazi ramfs rw,relatime,mode=1777 0 0

Tukausoma mara tatu. Sharti la mode=1777 lipo. Sharti la size halipo. Na jina tulilotoa, kazi, halipo pia. Mahali pake pameandikwa none, maana yake hakuna.

Kwa hiyo tulitoa vitu vitatu, kikarekodiwa kimoja. Na hicho kimoja ndicho kilichotudanganya, kwa sababu siku ya kwanza tulijaribu kuandika kwenye folda kama mtumiaji wa kawaida, ikakubali, tukasema opsheni zinafanya kazi. Tulipima moja tukaamini zote.

Tukajaribu pia df, amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki. Kwa /kazi ikaonyesha ukubwa 0, iliyotumika 0, iliyobaki 0. Haina hesabu ya mwanzo wala mwisho. Mtu asiye na kikomo ukimuuliza kimebaki kiasi gani, atakujibu nini?

Sasa tukaanza kucheza kidogo, maana huzuni nayo inachosha. Tukaandika size=nyanya. Ikakubali. Tukaandika ugali=moto. Ikakubali! Chumba kizima kikacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Dada mmoja akaandika amani=kesho, nayo ikakubali bila neno, tukanyamaza kidogo. Halafu tukaandika mode=ugali. Hapo ikakataa.

Kumbe ramfs haikuwa kiziwi kabisa. Ilikuwa inajua neno moja tu katika lugha yote, neno mode, na hilo ililisikiliza vizuri mpaka kukagua thamani yake. Maneno mengine yote iliyaitikia kwa kichwa kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

Usiku, wakati bando ni rahisi, tukapakua msimbo wa kerneli ya toleo letu. Mashine yetu ilikuwa na toleo 5.4, lile lililotoka Novemba 2019, na hatukuwa tumelisasisha. Ukisikia "msimbo wa kerneli" unaogopa, kwa sababu ni mamilioni ya mistari. Lakini ramfs ni faili dogo, fs/ramfs/inode.c, halifiki mistari 400. Hatukuwa mafundi wa lugha ya C. Mmoja wetu alisoma kitabu chake nusu. Tukasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama tulivyosoma shule ya msingi.

Tunawaeleza tulichoelewa. Ukitoa amri ya mount, maneno ya jumla kama "kusoma tu" amri yenyewe inayajua. Yaliyobaki yanapelekwa kwa kerneli, yanakatwa penye koma, na kila neno linapewa mfumo wa mafaili husika pamoja na swali: hili unalijua? Mfumo una majibu matatu. La kwanza: nalijua, nimelipokea. La pili: nalijua, lakini thamani uliyonipa ni mbaya. La tatu: silijui. Hilo la tatu lina jina lake ndani ya msimbo, ENOPARAM.

Mfumo ukijibu "silijui", kerneli haikati tamaa mara moja. Kwanza inatazama kama neno lenyewe ni source, yaani jina la kitu kinachomauntiwa, maana katika njia hii mpya jina nalo hupitia mlango huo huo wa opsheni. Kama ni jina, kerneli inalihifadhi yenyewe. Kama si jina, inakataa kumaunti na kuandika kwenye kumbukumbu zake neno gani halikujulikana. Mpango mzuri. Kila mtu anajua pa kusimama.

Lakini ndani ya ramfs tulikuta hii:

if (opt == -ENOPARAM)
opt = 0;

Kwa Kiswahili: kama jibu ni "silijui", libadilishe liwe "sawa".

Basi. Mistari miwili. Neno size linafika, ramfs hailijui, inasema sawa. Kerneli inasikia sawa, inaendelea. Jina kazi nalo linafika kupitia mlango ule ule, ramfs hailijui, inasema sawa. Kerneli inadhani ramfs imelihifadhi, nayo hailihifadhi. Jina linaanguka katikati ya watu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake amelishika. Ndiyo maana tukaona none.

Wanaofanya kazi na familia za wakimbizi wanajua jambo hili la kuanguka katikati ya ofisi mbili. Hatuhitaji kulifafanua.

Juu ya ile mistari kulikuwa na maelezo ya waandishi wenyewe. Hawakufanya bahati mbaya. Wanasema wangependa kutoa taarifa ya opsheni mbaya, lakini ramfs tangu zamani imepuuza opsheni zote, na kuna kerneli zinazojengwa bila tmpfs kamili, ambapo ramfs inavaa nafasi yake. Mahali hapo programu zinakuja na masharti ya tmpfs, likiwemo size. Ramfs ikianza kukataa, vifaa vilivyokuwa vinafanya kazi vitashindwa. Kwa hiyo waliona heri iendelee kupuuza.

Tulikaa na maelezo hayo muda mrefu. Tulitaka kukasirika, lakini tulielewa. Ile "ndiyo" ilikuwa huruma kwa mtu fulani. Kwetu ikawa shimo. Watu hao hawakutujua, na hawakuwa na ubaya. Hata hati za kerneli zenyewe zinaonya kwamba unaweza kuendelea kuandika ndani ya ramfs mpaka RAM yote ijae, na kwamba ni mtumiaji mkuu tu, au mtu anayeaminiwa, anayepaswa kuruhusiwa kuandika humo. Onyo lilikuwepo. Sisi tulisoma ujumbe wa simu, hatukusoma hati.

Tukaelewa pia kwa nini mashine iliua programu bure. RAM ikiisha, kerneli inachagua programu na kuiua ili ipate nafasi. Lakini kilichojaza RAM hakikuwa programu. Yalikuwa mafaili ya ramfs, na kurasa zake haziwezi kuondolewa wala kupelekwa kwenye diski. Kwa hiyo iliua brauza, ikaua programu ya kuandikia, ikaua hiki na kile, na nafasi haikupatikana. Waliokufa hawakuwa na kosa.

Tulitaka kuona kwa macho. Kwenye laptopu yetu yenye nguvu zaidi tukatengeneza kompyuta ya kuigiza kwa kutumia QEMU, tukaifuta ile mistari miwili, tukajenga kerneli ndogo. Ilichukua usiku kucha, na laptopu ilikuwa moto kama jiko. Asubuhi tukaiwasha, tukatoa amri yetu ya zamani yenye size=512m.

Ikakataa! Amri ya mount ikatoa ule ujumbe wake mrefu wa jumla, unaotaja kila sababu inayowezekana na hausemi ipi ni yako. Lakini tulipofungua kumbukumbu za kerneli kwa dmesg, mstari mmoja ulikuwa wazi: ramfs, kigezo kisichojulikana, size. Tukashangilia kukataliwa. Aliyepita nje akidhani tumepata visa.

Tukaondoa size, tukaacha mode na jina. Ikakubali, na kwenye /proc/mounts tukasoma kazi mahali pa none. Hatukuongeza msimbo wowote wa kuhifadhi jina. Tuliondoa uongo tu, na jina likarudi lenyewe.

Baadaye tuligundua kwamba hatukuwa wa kwanza. Hitilafu ya jina ilizaliwa 2019, wakati ramfs ilipohamishiwa kwenye njia mpya ya kumaunti, na ilirekebishwa 2021. Marekebisho yao yalikuwa ya uangalifu kuliko yetu: ramfs ikipata neno isilolijua, kwanza iulize kama ni source na ilihifadhi. Maneno mengine waliyaacha yapuuzwe kama zamani, ili wasivunje kazi za watu. Kwa hiyo hata leo, ukisasisha kila kitu, ramfs itakubali size=512m yako na haitaifuata. Itakubali hata ugali=moto. Mjue hivyo.

Sasa seva yetu inatumia tmpfs. Nayo inaishi ndani ya RAM, lakini kikomo inakijua. Usipoitajia, inajiwekea nusu ya RAM. Mstari wake kwenye /proc/mounts unaonyesha size=524288k, ambayo ndiyo MB 512 kwa hesabu ya kilobaiti. Ukikosea ukaandika sizee, inakataa na kulitaja neno lenyewe. Ukizidisha mafaili, inakuambia nafasi imekwisha, na barua za wenzako zinabaki salama. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kukataliwa video moja ni nusu shari.

Pia tuliongeza mistari michache kwenye skripti ya asubuhi. Baada ya kumaunti, inasoma /proc/mounts na kuangalia kama neno size lipo kweli. Kama halipo, haimfungulii mtu yeyote. Na kunakili kwenda diskini hakungoji tena saa 11 jioni. Kunafanyika kila dakika 15, hata kama diski inakwaruza.

Turudi kwa watu.

Kati ya wale 11, wenzetu 9 waliandika upya na kupeleka kabla ya Jumatano kuisha. Wawili hapana. Mmoja anakaa kijiji cha mbali na simu yake ilikuwa imezimwa. Wa pili ni mama tunayemwita Yaya, kwa sababu ametutangulia na ametulea wengi wetu hapa. Jumatatu jioni alimkimbiza mtoto hospitali Mbarara, akarudi Alhamisi. Yeye alijua barua yake iko tayari.

Tulienda kwake wote 9.

"Yaya, tumekuja kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini, wadogo zangu? Mashine si ilikufa?"

"Haikufa bure, Yaya. Tuliiambia isizidi kiasi fulani. Ikasema ndiyo, kumbe haikusikia. Na sisi hatukuangalia."

Akakaa kimya, akamgeuza mtoto upande wa pili. Halafu akasema, "Kama karatasi yangu ya mgao." Akatuambia jinsi alivyoandikishwa mara ya kwanza alipofika. Alisema tuko watu 7. Aliyekuwa anaandika akasema sawa, mama, pita. Yaya hakuomba kuona. Siku ya mgao karatasi ikasoma 5. Miezi minne alikuwa anarudi kueleza kwamba watoto wawili wapo, wanapumua, wanakula.

"Angeniambia siku ile kwamba hao wawili hawaandikiki," akasema, "ningelia siku ile ile, na kesho yake ningeanza kutafuta njia. Ile sawa yake ndiyo ilinichelewesha."

Tuliandika maneno yake tulipofika nyumbani, kwa sababu sisi wiki mbili tulikuwa tunatafuta kusema jambo hilo hilo kwa lugha ya C.

Kwa hiyo vijana wenzetu, haya ndiyo tunayowaachia. Ukiiomba mashine kitu, au ofisi, au mtu, usiishie kwenye "imekubaliwa". Uliza kilichoandikwa. Kwenye Linux fungua /proc/mounts. Kwenye meza ya kuandikishwa omba karatasi, usome majina na idadi kabla hujatoka mlangoni, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Na jambo moja likifanya kazi, usiamini kwamba yote yamefanya kazi. Sisi tulipima mode, tukaamini size.

Na mkiumizwa na hitilafu, msikimbilie kumlaumu mtu aliyekuwa karibu na moto. Kaka yetu wa video amesamehe, lakini siku ile hatutaisahau, na yeye pia hataisahau.

Kwenu ninyi mnaotuhudumia, ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kurasa hizi: tunajua "sawa" yenu mara nyingi inatoka kwenye huruma. Foleni ni ndefu, mtu mbele yenu amechoka, hamtaki kumvunja moyo. Lakini kama fomu haina mahali pa kuweka tulichosema, tuambieni pale pale, na mtutajie neno lenyewe lililokataliwa. Siyo ujumbe mrefu wa jumla wenye sababu zote za dunia. Neno moja tu. Tutahuzunika, halafu tutajua pa kuanzia.

Maombi ya udhamini yamefunguliwa tena mwezi huu. Juzi Yaya alikuja na daftari lake, akakaa kwenye laptopu ya dirishani tangu asubuhi mpaka saa 9. Barua yake sasa iko kwenye seva, iko kwenye diski, iko kwenye flashi, na nakala ya karatasi tumemchapishia ya kwake mwenyewe.

Tulipobonyeza kuhifadhi alituuliza, "Imekubali?"

Tukamsogezea kiti karibu na skrini. "Njoo usome mwenyewe, Yaya."